Kulinganisha sekondari za serikali kwenye mji mdogo: fanya hivi kabla hujachagua

Kwenye mji mdogo sekondari za serikali zinahesabika, ziko tatu, nne, labda tano, na kila mtu unayemuuliza ana jibu tayari. Ile ndo shule, ile nyingine ya wahuni, ile ya kule mwisho we usithubutu kumpeleka mtoto. Ukimbana kidogo umuulize amejuaje, unakuta alisoma hapo zamani sana, au kuna tukio moja lilitokea likasemwa mji mzima, au kasikia tu kwa mtu. Sasa mtoto anaenda kukaa hapo miaka yake yote ya ujana, haiwezekani uamue kwa maneno ya kusikia wakati taarifa za maana zipo, na nyingi unazipata mwenyewe kwa miguu yako maana mji wenyewe mdogo.

Swali la kushika muda wote ni hili: mtoto aliyeingia akiwa na levo ya mwanangu, shule hii inamtoa akiwa wapi? Watu wengi wanauliza shule gani inaongoza, na hilo ni swali jingine kabisa, huko chini utaona kwanini.

Hatua ya 1: anza na mtoto

Chukua karatasi umwandike mtoto wako kwa ukweli. Anashika haraka au anahitaji kurudiwa? Anaelekea sayansi, biashara, lugha, ufundi? Anajisukuma mwenyewe au asipofuatiliwa analala? Ana shida ya macho, masikio, kusoma, au ugonjwa unaotaka dawa saa za shule? Na muulize yeye mwenyewe, ndo anaenda kukaa kule. Shule inayomfaa mtoto anayejiongoza inaweza kumzamisha mwenzake anayehitaji mwalimu wa kumkumbusha kila siku, kwahiyo bila hii karatasi hujui hata unatafuta nini.

Hatua ya 2: jua zipi zinawezekana kweli

Utaratibu wa kupokea wanafunzi unatofautiana, kuna shule zinapokea kwa eneo unaloishi, kuna za maksi, kuna sehemu mtoto anapangiwa na mamlaka ya elimu na wewe unabaki na njia ya kuomba uhamisho tu. Nenda ofisi ya elimu uulize utaratibu wa mwaka huu, mwisho wa kuomba lini, uhamisho unatolewa kwa vigezo gani, na omba uoneshwe kwa maandishi.

Umbali upime kwa muda, na upime asubuhi ile saa ambayo mtoto atakuwa anatoka nyumbani. Isiyofikika itoe kwenye listi mapema usijisumbue nayo. Na kama mtoto kashapangiwa na huna pa kuchagua, hizi hatua nyingine fanya tu, zitakuonesha shule hiyo ina udhaifu wapi ili nyumbani mjue pa kuongeza nguvu.

Hatua ya 3: matokeo ya miaka kadhaa, usiishie ya mwaka jana

Hapa mji mdogo una shida yake. Shule ikiwa na watahiniwa 40, mwanafunzi mmoja tu ni asilimia 2.5, yaani wanne wakiugua au wakipata matatizo nyumbani mwaka ule shule imeshuka asilimia 10 na walimu ni walewale na vitabu vilevile. Shule yenye watahiniwa 200, hao wanne ni asilimia 2 tu, hakuna atakayeona. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Kane na Douglas Staiger, walionesha kwamba kupanda na kushuka kwa maksi za shule mwaka hadi mwaka kwa sehemu kubwa ni bahati ya nani yuko darasani mwaka huo, hasa kwenye shule ndogo, na ndo maana ukiangalia listi shule ndogo zinajaa juu kabisa na zinajaa chini kabisa pia.

Kwahiyo chukua miaka mitatu, ukipata mitano bora zaidi. Jumlisha waliofaulu wote wa hiyo miaka, gawanya kwa watahiniwa wote wa hiyo miaka. Usichukue asilimia za kila mwaka ukazitafutia wastani, mwaka wenye watu wachache utabeba uzito usiostahili. Halafu angalia mwelekeo. Shule iliyoshuka mwaka mmoja ikarudi haina habari, ila iliyoshuka miaka minne mfululizo ina habari, na iliyopanda miaka minne mfululizo wakati mji mzima bado unaisema vibaya hiyo ichunguze kwa makini sana, maana jina la shule huwa linachelewa kufuata ukweli.

Kitu kingine, neno "kufaulu" linaficha mengi. Kuna kufaulu kwa daraja la chini kabisa ambako hakumfikishi mtoto popote. Tafuta idadi ya waliofikia kiwango cha kuendelea na masomo ya juu au kupokelewa chuo, hiyo ndo namba. Tanzania kwa mfano, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023 liliacha kutangaza shule kumi bora, na mi naona walifanya vizuri, ila ukurasa wa kila shule upo na ndani yake unakuta walioandikishwa, waliofanya, madaraja, na kila somo limesimama wapi. Sehemu yenye ukurasa wa namna hiyo usome wote mpaka chini, watu wanaishia kwenye zile namba za juu.

Hatua ya 4: hesabu walioingia

Hii ndo hatua ambayo karibu hakuna mzazi anaifanya na mi naiona ya muhimu kuliko zote. Asilimia za ufaulu zinahesabiwa kwa waliofanya mtihani. Je walioanza wakaishia njiani?

Tuseme shule ya kwanza iliingiza watoto 120. Miaka ikapita, waliofanya mtihani wa mwisho ni 80, waliofaulu 64. Kwenye tangazo wanaandika asilimia 80, watu wanapiga makofi. Shule ya pili nayo iliingiza 120, waliofanya 114, waliofaulu 84. Tangazo linasema asilimia 74. Mji mzima unakimbilia ya kwanza. Sasa gawanya kwa walioingia: ya kwanza 64 kwa 120 ni asilimia 53, ya pili 84 kwa 120 ni asilimia 70. Yaani mtoto aliyevuka geti la shule ya pili siku ya kwanza alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutoka na cheti cha maana, ila hutaona hilo kwenye tangazo lolote.

Wale 40 wameenda wapi? Wengine wamehama na wazazi wao, hilo la kawaida. Wengine wameacha shule, wamepata mimba, wameugua, wamekwenda kutafuta kazi. Na wengine waliambiwa kwa upole watafute shule nyingine kwasababu wangeharibu matokeo, na hili linatokea kimyakimya sehemu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa mtu anaondolewa ili asilimia ipendeze, inauma sana kwa kweli. Muulize mkuu wa shule moja kwa moja: walioingia mwaka fulani walikuwa wangapi, waliomaliza wangapi, waliobaki wako wapi. Mkuu anayejua walipo watoto wake atakueleza bila kubabaika, tena mwingine atakutajia alivyofuatilia mpaka majumbani. Na kumbuka kuuliza na waliohamia katikati, maana shule inayopokea watoto waliofukuzwa kwingine inabeba mzigo ambao haukuanzia kwake.

Hatua ya 5: waliingia wakiwa na nini

Shule inayochukua wenye maksi za juu itatoa wenye maksi za juu hata ikifundisha kawaida tu. Angalia huu mfano, nausema polepole kwasababu unachanganya.

Shule A ina watahiniwa 80: 60 waliingia na maksi za juu na 54 kati yao wakafaulu, 20 waliingia na maksi za chini na 8 wakafaulu. Jumla 62, asilimia 77.5. Shule B nayo 80: 20 waliingia na maksi za juu wakafaulu 19, 60 waliingia na maksi za chini wakafaulu 33. Jumla 52, asilimia 65. Kwenye listi A iko juu. Lakini hebu angalia kundi kwa kundi. Wenye maksi za juu A imewafaulisha asilimia 90, B asilimia 95. Wenye maksi za chini A asilimia 40, B asilimia 55. B ni bora kwa mtoto mkali na ni bora kwa mtoto wa kawaida, na bado kwenye jumla inaonekana mbovu, kwasababu tu imepokea watoto waliohitaji msaada zaidi.

Na hili sio la kwenye karatasi tu. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha mwaka 2014 utafiti wao kuhusu shule za kitaifa za serikali za Kenya, zile ambazo kila mzazi anazililia. Walilinganisha watoto walioingia kwa kupita alama ya mwisho kidogo tu na wale walioikosa kidogo tu, yaani watoto wa levo moja, wakakuta kwenye mtihani wa kidato cha nne shule ile ya jina haikuongeza kitu cha kuonekana. Shule za serikali za Boston na New York kule Marekani, zile zinazochagua watoto kwa mtihani, zilipimwa kwa njia hiyohiyo, utafiti ukatoka mwaka huohuo, jibu likafanana. Trinidad na Tobago ilikuwa tofauti, Kirabo Jackson mwaka 2010 alikuta shule zenye wanafunzi wakali zinasaidia kweli, na wasichana walifaidika karibu mara mbili ya wavulana. Kwahiyo shule ya jina inaweza kusaidia na inaweza isisaidie, jina lenyewe halikuambii.

Kuna na Romania, hii wazazi waisikie vizuri. Cristian Pop-Eleches na Miguel Urquiola, 2013, walikuta watoto walioingia kwa taabu kwenye shule bora walipanda kidogo kwenye mtihani, ila walijiona wanyonge mbele ya wenzao na wakahisi kutengwa, na wazazi wao nyumbani wakapunguza kuwasaidia homwaki. Kama mwanao ataingia akiwa wa mwisho mwisho, liweke hili kwenye hesabu zako na jiandae kuendelea kukaa naye jioni.

Sehemu nyingine serikali yenyewe inatoa kipimo cha maendeleo ya mtoto, Uingereza kwa mfano kwenye shule za England walianza mwaka 2016 na kinachoitwa Progress 8, cha kupima mtoto amesogea kiasi gani kuanzia alipomaliza msingi. Kikiwepo kwenu anza nacho. Kisipokuwepo, nenda kwa walimu wa shule za msingi zinazopeleka watoto kwenye hizo sekondari. Kwenye mji mdogo hawa watu ni hazina, wanawajua watoto kwa majina, wanajua yule aliyekuwa wa kawaida kapelekwa wapi na akaja kuwa nani. Waulize: watoto wenu wa katikati, wanaenda kung'aa wapi na wanaenda kupotelea wapi?

Hatua ya 6: shuka kwenye somo

Wastani wa shule haumfundishi mtu fizikia. Angalia masomo ambayo mtoto wako anayataka, halafu hesabu, halafu lugha ya kufundishia. Unaweza kukuta shule ya tatu kwa jumla ndo ya kwanza kwa kemia miaka mitano yote, na ukichimba unakuta kuna mwalimu mmoja pale.

Na hapo ndo kwenye hatari yake. Shule za mji mdogo somo zima linaweza kumtegemea mtu mmoja, akihamishwa au akistaafu, kwisha. Uliza walimu wa somo hilo ni wangapi, wamekaa muda gani, na mwaka jana alipokosekana mmoja darasa lilifanya nini. Kuna utafiti mkubwa wa jimbo la Texas, Marekani, wa mwaka 2005 uliokuta tofauti kubwa ya walimu iko ndani ya shule ileile, darasa hili na darasa la jirani, kuliko kati ya shule na shule. Kwahiyo uliza pia mtoto atapangiwa darasa kwa utaratibu gani, na kama wanapanga mikondo kwa maksi uliza nani anafundisha ule mkondo wa mwisho.

Kuhusu idadi darasani, uliza, lakini usiifanye ndo kila kitu. Kuna utafiti maarufu wa jimbo la Tennessee, Marekani, wa 1985 mpaka 1989, wa darasa la watoto 13 hadi 17 kulinganisha na 22 hadi 25, ulikuwa wa watoto wadogo wa madarasa ya mwanzo, hauamui mambo ya sekondari. Watoto 45 wenye mwalimu anayeingia kila kipindi nawachagua kuliko 30 wenye mwalimu wa kuonekana mara moja moja.

Hatua ya 7: nenda ukaone

Omba ruhusa, lakini usiende siku ya sherehe wala siku ya wazazi. Nenda siku ya kawaida, na fika pale kipindi cha kwanza baada ya mapumziko kinapoanza, hapo shule inajionesha. Zungukeni na mwenyeji wako, hesabu madarasa yenye mwalimu na yasiyo na mwalimu. Dakika kumi baada ya kengele bado nusu ya madarasa yanapiga kelele yenyewe? Ushapata jibu ambalo hamna ripoti itakupa.

Maktaba usiangalie makabati, omba daftari la kuazima vitabu uone tarehe ya mwisho. Maabara angalia kama chupa zina vumbi na kama kwenye meza kuna alama za kazi. Vyoo ingia, hasa vya wasichana, uone maji, mlango unaofunga na mahali pa kutupia taka, kwasababu msichana asiyekuwa na choo cha heshima anaweza kukosa shule siku za hedhi na hakuna atakayekuambia.

Sasa kitu cha kufanya ambacho mi nakiamini kuliko vyote. Tafuta mtoto wa jirani anayesoma shule hiyo, wa maksi za katikati, umuombe daftari lake la hesabu na la kuandika insha. Fungua toka ukurasa wa kwanza. Angalia tarehe, zimeachana siku ngapi. Zoezi limesahihishwa au limepigwa vema moja kubwa ukurasa mzima? Alipokosea kuna mstari umeonesha kosa liko hatua gani? Kwenye insha kuna maneno ya mwalimu pembeni, na insha iliyofuata mtoto ameyafanyia kazi? Halafu chukua daftari la mtoto wa shule ya pili, wa kidato hichohicho, uyaweke mezani sambamba. Utaona moja limefika mada ya saba na jingine bado la tatu wakati muhula ni uleule. Hayo madaftari mawili yatakueleza kazi inayofanyika ndani ya zile kuta kwa nusu saa tu, na mwenye daftari mshukuru na umrudishie siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: ongea na watu sahihi

Waliomaliza mwaka mmoja au miwili iliyopita ndo wenye habari mbichi, wameshatoka hawaogopi mtu. Tafuta na wazazi wa watoto wa kawaida, mzazi wa mtoto wa kwanza darasani atasifia shule yoyote ile. Uliza vitu vyenye jibu la tukio: mtoto wako aliposhuka maksi nani alikupigia simu? Palipotokea uonevu shule ilifanya nini, baada ya siku ngapi? Adhabu zao zikoje? Wanaofuatwa fuatwa na wanaume njiani au na mwalimu wanamwambia nani? Ukijibiwa "ah ni shule nzuri tu" uliza tena kwa upole mpaka upate tukio.

Kuhusu gharama, shule ya serikali kutokuwa na ada haina maana haina matumizi. Michango, sare, nauli, tuisheni ya jioni, vifaa vya maabara, andika yote kwa mwaka mzima, na uliza ni mchango upi usipolipwa mtoto anarudishwa nyumbani.

Hatua ya 9: weka yote kwenye karatasi moja

Chora jedwali, shule juu, mambo pembeni: waliofaulu kwa walioingia, watoto wa levo ya mwanao, masomo yake, walimu darasani, madaftari, usalama, safari, gharama. Mambo mawili au matatu yatakayokuwa na uzito zaidi yachague kutoka kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza, na uyachague kabla hujajaza, la sivyo utajikuta unavuta uzito kuelekea shule uliyoipenda toka mwanzo. Usijumlishe maksi ukapata shule yenye 71 na yenye 69 ukadhani kuna tofauti, hapo ziko sawa, na zikiwa sawa basi mpe mtoto achague au chukua ya karibu, ule muda wa njiani ni muda wa kusoma na kulala.

Kitu kimoja kinaweza kufuta vingine vyote, nacho ni usalama. Shule ambayo kuna mwalimu anajulikana anasumbua wasichana na uongozi upo kimya, maksi zake haziangaliwi tena, itoe.

Ukishampeleka, weka alama kwenye kalenda mwisho wa muhula wa kwanza. Siku hiyo fungua madaftari yake kama ulivyofungua ya jirani, muulize mwalimu wa darasa anamjuaje mwanao, na ulinganishe na ulichoandika kwenye jedwali. Vikiachana sana nenda ukaongee na mkuu wa shule mapema, na tarehe za kuomba uhamisho ziwe tayari zimeandikwa kwenye hiyohiyo kalenda.